Somo: Sanamu ya keki ya harusi kwa udongo wa polima, kazi ya oda

Udongo wa polima hauchimbwi ardhini. Ni plastiki ya PVC iliyochanganywa na vilainishi pamoja na rangi, na ukitunzwa vizuri hubaki laini hadi uokwe. Sifa hiyo humpa fundi wa oda nafasi ambayo mchonga vinyago hana, kwa maana mteja anaweza kuiona sanamu nzima na kudai marekebisho kabla haijawa ngumu. Mfano wetu ni sanamu ya bwana na bibi harusi, yenye kimo cha sentimita 12, itakayosimama juu ya keki.

Hatua ya 1: Makubaliano. Andika kimo, mkao, mavazi, tarehe ya kuchukua na bei, kisha mteja athibitishe kwa maandishi. Omba picha za nyuso kutoka mbele na ubavuni, na kwa upande wa mavazi omba kipande cha kitambaa chenyewe, kwa kuwa zambarau halisi mara nyingi huonekana buluu kwenye picha ya simu. Chukua malipo ya awali yanayotosha angalau gharama ya vifaa, maana sura ya bwana harusi wa mtu haina mnunuzi mwingine.

Hatua ya 2: Rangi. Changanya rangi za ngozi na za mavazi, andika uwiano wa kila mchanganyiko, kisha oka vidonge vidogo vya majaribio. Rangi nyingi hukolea zikiokwa, hasa zile zilizochanganywa na udongo unaopitisha mwanga, hivyo mteja achague kwa kutazama vidonge vilivyookwa.

Hatua ya 3: Kiunzi na umbo. Finyanga kiini cha foili ya jikoni, ukikikandamiza mpaka kisibonyee tena, na upitishe waya miguuni. Kiini hicho hupunguza uzito na gharama, na huufanya udongo wa juu uwe na unene unaokaribia kulingana, hivyo joto huupenya sawasawa. Anza na shela, kwa sababu nyeupe hunasa kila uchafu. Kabla ya kuigusa futa mikono kwa spiriti, vaa nguo isiyotoa nyuzi, na usiishike nyekundu mpaka nyeupe imekwisha na kufunikwa.

Hatua ya 4: Idhini. Piga picha za pande nne sanamu ikiwa bado mbichi, mtumie mteja, na usiwashe oveni kabla hajajibu. Ikiwa pua ni pana mno, huu ndio wakati wa kuirekebisha kwa ncha ya kijiti cha meno. Baada ya kuoka, marekebisho ni ya kukata na kusugua, na ni haki yako kuyatoza.

Hatua ya 5: Kuoka. Fuata pakiti: udongo wa chapa ya Fimo huokwa kwa nyuzi 110 za Selsiasi, wa chapa ya Premo kwa 130, kwa takriban nusu saa kwa kila milimita 6 za unene. Kipimajoto kiwe ndani ya oveni, kwa kuwa namba za kwenye kitufe hukosea mno. Funika sanamu kwa foili isiyoigusa ili shela isigeuke manjano, na uiache ipoe humohumo, kwani ikiwa ya moto hupinda kirahisi.

Mwisho, sugua sehemu laini kwa msasa wa maji, kuanzia namba 400 hadi 1000, na upake vanishi ya maji pale tu unapotaka mng'ao.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, sina oveni. Je, naweza kutumia sufuria yenye mchanga juu ya jiko la mkaa, kama tunavyooka keki?

Jibu: Kwa kazi ya mteja, hapana. Moto wa mkaa hupanda ghafla, na udongo huu ukiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo huwasha macho na koo. Oveni ndogo ya umeme yenye kipimajoto inatosha. Ukiona moshi, zima, fungua madirisha, na utoke nje.

Swali: Mteja anataka sanamu ichomekwe moja kwa moja kwenye krimu ya keki. Nimkubalie?

Jibu: Usimkubalie. Udongo huu haufai kugusana na chakula hata ukipakwa vanishi. Isimamishe juu ya kisahani au kipande cha akriliki kilicho safi, na umweleze hivyo siku ya makubaliano ili mwoka keki apange nafasi yake mapema.

Swali: Nilipaka rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye hereni za udongo huu nilizomtengenezea mteja, na wiki chache baadaye zikaanza kunata. Zitapona?

Jibu: Viyeyusho vya rangi ya kucha huushambulia udongo. Jaribu kuifuta tabaka hiyo kwa spiriti, usugue kwa msasa, kisha upake vanishi ya maji. Zikiendelea kunata, mtengenezee mteja nyingine.