Namna ya Kuchagua Hita ya Umeme kwa Kitalu Nyumba Kidogo cha Bustani

Wengi wanaotafuta hita ya kitalu nyumba huanza kwa kuuliza ni aina ipi iliyo bora, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni kitalu chenyewe hupoteza joto kiasi gani katika usiku wa baridi kali. Hita za kawaida za umeme, ziwe za feni, za bomba au zenye mafuta yaliyofungiwa ndani, hugeuza karibu umeme wote zinaoutumia kuwa joto, na kwa hiyo kilowati moja ya hita ya bei ghali haitoi joto kubwa kuliko kilowati moja ya hita ya bei nafuu. Tangazo linalodai kwamba hita fulani hutoa joto maradufu kwa umeme uleule halistahili kuaminiwa. Hita hutofautiana katika namna zinavyosambaza joto, zinavyodhibitiwa na zinavyohimili unyevu.

Anza kwa kuamua kiwango cha chini cha joto ambacho mimea yako inahitaji. Ikiwa lengo ni kuikinga na jalidi tu, nyuzi 5 za Selsiasi zinatosha kwa mimea mingi iliyopumzika. Miche michanga ya mboga isiyostahimili baridi huhitaji takriban nyuzi 10, na mimea ya kitropiki huhitaji nyuzi 15 au zaidi. Kisha kadiria baridi kali inayotokea nje usiku mahali ulipo. Tofauti kati ya viwango hivyo viwili ndiyo hita itakayolazimika kuifidia.

Sasa pima kuta na paa upate eneo lote kwa mita za mraba, ulizidishe kwa tofauti hiyo ya nyuzi, halafu uzidishe tena kwa kiasi cha joto kinachopenya kwenye kifuniko. Kioo cha tabaka moja hupitisha takriban wati 6 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti, nailoni ya tabaka moja haipishani nacho sana, na polikaboneti, yaani plastiki ngumu inayopitisha mwanga, ya tabaka mbili yenye unene wa milimita 10 hupitisha takriban wati 3. Chukua mfano wa kitalu cha upana wa mita 2 na urefu wa mita 2.5, ambacho kuta na paa lake hufikia mita za mraba 20 na nusu hivi. Kikiwa cha kioo, nje kukiwa na nyuzi 5 chini ya sifuri na ndani zikitakiwa nyuzi 5 juu yake, kitapoteza karibu wati 1,230. Ongeza robo kwa ajili ya hewa inayopenya kwenye viungo na mlangoni, nawe utapata wati zipatazo 1,500. Hapo hita ya kilowati 2 inafaa. Kitalu hichohicho kikifunikwa kwa polikaboneti, hita ya kilowati 1 ingetosha. Lakini ukitaka nyuzi 15 ndani ya kile cha kioo, hesabu inapita wati 3,000, na kiasi hicho ni kikubwa mno kwa soketi moja ya kawaida katika nyumba nyingi.

Matokeo ya namna hiyo yanapaswa kukurudisha kwenye kitalu kabla ya kwenda dukani. Kuziba mianya, kubadilisha vioo vilivyopasuka na kubandika ndani nailoni yenye vipovu vya hewa hupunguza hitaji la joto kila usiku. Vilevile unaweza kutenga kona moja kwa pazia la nailoni na kuipasha joto hiyo peke yake, au kutumia mkeka wa umeme chini ya trei za mbegu, kwa kuwa mbegu huhitaji udongo wenye joto kuliko hewa yenye joto.

Kuhusu aina, kwa kitalu kidogo mimi huipa kipaumbele hita ya feni, kwa sababu husukuma hewa hadi pembeni na hewa inayotembea hupunguza ukungu wa kijivu kwenye majani. Tafuta ile ambayo feni yake inaweza kuendelea kuzunguka hata joto likiwa limezimwa. Hita ya bomba haina kelele na hukaa vizuri chini ya meza za miche, ila husambaza joto polepole, na mara nyingi huhitaji themostati, yaani kifaa kinachoiwasha na kuizima kulingana na joto, ya kununua kando.

Themostati ndiyo sehemu ya kuchunguza kwa makini zaidi, ingawa wauzaji huitaja kwa neno moja tu. Zile za kuzungusha kwa kitufe, hasa zenye alama za namba zisizo na nyuzi, huweza kuacha joto lipande na kushuka kwa nyuzi kadhaa kabla ya kuwasha au kuzima, na nyuzi hizo za ziada hulipiwa. Ya kielektroniki hufuata kiwango kwa ukaribu zaidi. Kipimo chake kikae kwenye kimo cha mimea, mahali pasipopigwa na jua na mbali na upepo wa hita yenyewe. Hita iliyozidi hitaji kidogo si hasara ikiwa themostati ni nzuri, kwani itawaka kwa muda mfupi zaidi. Iliyopungua itawaka usiku kucha na bado mimea itaungua kwa baridi.

Usitumie hita ya sebuleni. Kitalu kina maji, umande na udongo unyevu, kwa hiyo nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya vitalu, yenye alama ya angalau IPX4, maana yake inahimili maji yanayoruka kutoka pande zote. Waya wa kutoka nyumbani uwe wa kudumu, wa matumizi ya nje, uliowekwa na fundi umeme aliyehitimu, na saketi iwe na swichi ya milliampea 30 inayokata umeme mara unapovuja. Waya wa kuongezea uliokunjwa kwenye gurudumu lake hupata moto hita inapovuta mzigo mkubwa, nao usifikiriwe hata kwa muda.

Kwa upande wa gharama, hita ya kilowati 2 inayowaka nusu ya muda katika usiku wa saa 10 hutumia uniti 10. Iweke karibu na katikati, mbali na majani na nailoni, kisha iache ifanye kazi siku kadhaa kabla ya msimu wa baridi ukiwa na kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini na cha juu, ili urekebishe themostati kwa kufuata kilichosomwa humo badala ya alama za kwenye kitufe.