Jinsi ya kuandika insha ya kulinganisha visasili: mfano wa asili ya kifo

Insha nyingi za kulinganisha visasili, yaani hadithi za kale zinazoeleza asili ya mambo, huharibikia kwenye kichwa cha habari. Mwanafunzi huandika "Visasili vya Afrika na vya Ugiriki", kisha kurasa zote huishia kusimulia hadithi. Nafundisha fasihi simulizi na kusahihisha insha hizi kila muhula, na visasili vinastahili kusomwa kwa makini zaidi ya hapo. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: Wazulu wa Afrika Kusini na Waganda (watu wa Buganda, nchini Uganda) wanaelezaje kifo kilivyoingia duniani?

Hatua ya 1: Tafuta swali kwanza, jamii baadaye

Anza na jambo ambalo visasili vyote viwili vinajaribu kulijibu: watu walitoka wapi, kwa nini tunakufa, nani alipewa kutawala. Kisa cha Wagikuyu kuhusu Gikuyu na Mumbi na binti zao kinaeleza chimbuko la koo zao. Ukikiweka kando ya kisa cha kinyonga wa Wazulu, havitazungumza, kwa kuwa vinajibu maswali tofauti. Jamii mbili zinatosha. Ya tatu utaigusa juujuu tu.

Hatua ya 2: Jua nani alisimulia na nani aliandika

Hatua hii hurukwa sana, nami naihimiza kuliko zote.

Kwa Wazulu tuna bahati. Henry Callaway, mmisionari wa Kianglikana huko Natal, alichapisha kati ya 1868 na 1870 masimulizi aliyoyapokea kwa Wazulu, Kizulu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Unkulunkulu, muumba katika masimulizi hayo, alimtuma kinyonga akawaambie watu wasife. Kinyonga akajikokota, akakawia njiani akila matunda. Mjusi akatumwa nyuma yake na neno la kifo, akamtangulia. Kinyonga alipofika, watu walikuwa wameshalipokea neno la mjusi.

Kwa Waganda, Kintu, mtu wa kwanza, anamwoa Nambi, binti wa Ggulu, mtawala wa mbinguni. Ggulu anawaagiza waondoke upesi kabla Walumbe, kaka yake Nambi, hajajua, na wasirudi hata wakisahau kitu. Njiani wanakumbuka kwamba ulezi, nafaka ya kulisha kuku wao, umebaki. Anayerudi kuuchukua anafuatwa na Walumbe, ambaye ndiye kifo.

Sasa, ni nani aliyerudi? Masimulizi yanayosikika zaidi humtaja Nambi, lakini yapo yanayomtaja Kintu mwenyewe. Aliyesoma toleo moja tu ataandika kwa uhakika kwamba kwa Waganda mwanamke ndiye aliyeleta kifo, na hoja yake yote ya jinsia itasimama juu ya msingi unaotikisika. Ukiwa na matoleo mawili, tofauti hiyo inakuwa ushahidi wa kuchunguza. Nani alisimulia? Mwaka gani? Je, msimulizi au mwandishi alikuwa ameshasikia habari za Hawa?

Hatua ya 3: Chora jedwali

Weka safu mbili, moja kwa kila jamii, na mistari ya maswali: nani ana mamlaka, kosa ni lipi, mwanadamu alifanya nini, nini kilifuata.

Mstari wa "mwanadamu alifanya nini" utakufungua macho. Kwa Wazulu, watu hawakufanya lolote. Walipokea habari tu. Kwa Waganda, agizo lilivunjwa, na baadaye Walumbe alipoomba mtoto wa kumsaidia kupika, Kintu alikataa. Ndipo watoto wakaanza kufa.

Mstari wa "nini kilifuata" ni tajiri zaidi. Katika toleo la Wazulu nililolitaja, neno la mjusi likishapokelewa mambo yamekwisha. Kwa Waganda vita ndiyo kwanza vinaanza: Ggulu anamtuma Kayikuzi, ndugu wa Walumbe, amrudishe Walumbe mbinguni, watu wanaambiwa wajifungie na wakae kimya, watoto wanamwona Walumbe na kupiga kelele, naye anazama ardhini huko Ttanda. Mashimo ya Ttanda, katika wilaya ya Mityana, yanatembelewa hadi leo. Kisasili chenye mahali pa kwenda kuonyeshwa kinastahili aya nzima.

Hatua ya 4: Andika hoja kuu inayoweza kupingwa

Hoja dhaifu: "Visasili hivi vinafanana kwa baadhi ya mambo na kutofautiana kwa mengine." Hilo ni kweli kwa vitu vyovyote viwili.

Hoja yenye nguvu: "Visasili vyote viwili vinakichukulia kifo kama jambo ambalo lingeweza kuepukwa, lakini cha Wazulu kinaweka kosa kwenye ujumbe uliochelewa, ilhali cha Waganda kinaliweka ndani ya familia, kati ya mtu na shemeji yake, na hivyo kumpa mwanadamu sehemu ya lawama."

Hatua ya 5: Panga aya kwa hoja

Usimalize Wazulu kurasa tatu ndipo uingie kwa Waganda. Kila aya ibebe mstari mmoja wa jedwali na jamii zote mbili.

Hatua ya 6: Eleza mfanano kwa tahadhari

Visa hufanana kwa asili moja, kwa kupokezana, au kwa kuzuka kila pahali penyewe. Kinyonga mjumbe yupo pia kwa Wakamba na Wagikuyu, na wote hawa husema lugha za Kibantu, kwa hiyo asili moja inavutia. Lakini Wakhoikhoi, ambao lugha yao si ya Kibantu, wana Mwezi aliyemtuma sungura na sungura akaupotosha ujumbe. Undugu wa lugha pekee hautoshi, hasa kwa watu walioishi jirani muda mrefu. Andika "huenda", kisha toa sababu.

Hatua ya 7: Pitia rasimu

Tafuta kila penye "Waganda wanaamini" au "Wazulu wanaamini". Wengi wao leo ni Wakristo, na Waislamu wapo pia. Badilisha iwe "katika toleo lililokusanywa na fulani, mwaka fulani". Ukinukuu tafsiri, mtaje na mfasiri.