Jinsi ya kumficha mtoto wa hadithi kwa mjomba wake: mwongozo kwa watunzi wa fantasia wa Kusini

Mtunzi anayefungua riwaya ya fantasia kwa tukio la mama kumwacha mtoto wake kwa ndugu mara nyingi huwa na haraka ya kufika kwenye machozi. Mvua inanyesha, mlango unabishwa, mama anatamka maneno mawili matatu na kutoweka gizani, kisha sura ya pili inamkuta shujaa akiwa kijana mwenye nguvu asizozielewa. Tukio la namna hiyo lingeweza kutokea katika nchi yoyote na kwa ndugu yeyote, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Mwongozo huu unamlenga anayeiweka hadithi yake Mtwara au Lindi, na unashikilia kwamba nyumba anamoachwa mtoto ndiyo inayobeba hadithi yote, hivyo inapasa ichaguliwe kabla ya kuandikwa neno lolote la kuagana.

Kabla ya kuichagua nyumba, amua adui anatafuta kwa njia gani. Adui anayefuata jina hukimbiwa kwa kubadili jina, anayefuata damu hukimbiwa kwa kumpeleka mtoto kwa watu wasio wa damu yake, na anayejua kila kitu hawezi kukimbiwa, kwa hiyo usimuumbe. Tuchukue mfano mmoja tutakaoufuata hadi mwisho. Mto Ruvuma una zimwi linalosikia kila kinachogusa maji yake na maji ya vijito vyake. Linamtaka mtoto wa kiume aitwaye Hamisi kwa sababu popote anapolala, ardhi hutoa chemchemi. Mama yake, Somoe, anaishi bondeni, na anajua kwamba siku moja mtoto atakwenda kuoga kama watoto wengine.

Kanuni hiyo peke yake imekwisha kukuchagulia mahali. Mama mwenye akili atapanda juu, kwenye Uwanda wa Makonde, upande wa Newala au Tandahimba, ambako hakuna mto na ambako kwa vizazi vingi wanawake wameteremka mabondeni kuchota maji na kupanda nayo kichwani, au wamekinga ya mvua. Historia nayo inakuunga mkono: katika karne ya 19, vichaka vizito vya uwanda huo viliwafaa watu waliokuwa wakikimbia wateka watumwa na uvamizi wa Wangoni, waliokubali kukaa mbali na maji ili wakae mbali na hatari. Masimulizi ya asili ya Wamakonde wenyewe yana jambo linalofanana na hilo. Kiumbe aliyeishi peke yake porini alichonga sanamu ya mti, na sanamu hiyo ikageuka mwanamke. Mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa kando ya mto, akafa. Wa pili, aliyezaliwa juu kidogo, naye akafa. Wa tatu, aliyezaliwa juu kabisa uwandani, ndiye aliyeishi. Huna haja ya kuyanukuu masimulizi hayo ndani ya riwaya, lakini ukiyajua utaandika safari ya Somoe ya kupanda mlima kwa uzito zaidi.

Sasa ndugu, na hapa usiharakishe. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye kauli kuhusu watoto wa dada yake. Kwa hiyo Somoe anapomfikisha Hamisi kwa kaka yake, haombi fadhila: anampeleka mtoto kwa mtu ambaye tayari ana wajibu juu yake, na ambaye akikataa ataulizwa na ukoo mzima. Jambo hilo hubadilisha mazungumzo yote ya mlangoni. Mama anayeomba hulia na kubembeleza, ilhali mama anayekabidhi hutoa maagizo. Tatizo ni kwamba adui yeyote aliyelelewa Kusini anajua vilevile kwamba mtoto akitoweka, nyumba ya kwanza kupekuliwa ni ya mjomba. Ukimpeleka kwa shangazi, yaani dada wa baba, unapata maficho mazuri zaidi kwa sababu huo ni ukoo mwingine, lakini mlezi wako sasa hana haki ya kumshikilia mtoto siku wajomba watakapokuja kumdai, na ugomvi huo unaweza kukulisha sura tatu. Mama mdogo ana faida yake ya pekee iwapo adui wako ana uwezo wa kunusa uongo, kwani mtoto humwita mama bila kudanganya. Binafsi ningemweka Hamisi nyumbani kwa mjomba na kumfanya mke wa mjomba, ambaye si wa ukoo, kuwa ndiye anayeigundua siri kwanza. Ikiwa familia yako ni ya Waswahili wa mwambao, kama vile Kilwa, ukoo huelekea upande wa baba na baba mdogo ndiye mwenye sauti, basi usiuhamishe ujomba huu kule bila kufikiri.

Baada ya nyumba, tafuta kisingizio. Vijijini hakuna mtoto mgeni asiyeonekana, na balozi wa nyumba kumi atauliza kabla jua halijatua. Kwa bahati nzuri, Kusini kuna msimu unaojibu maswali hayo wenyewe. Mavuno ya korosho yanapoanza, miezi ya mwisho wa mwaka, ndugu hutoka mbali kuja kusaidia kuokota, na mtoto mmoja zaidi chini ya mikorosho hashangazi mtu. Ila msimu huisha. Magunia yakishapelekwa ghalani, wageni hurudi kwao, na jirani atasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu mbona harudi kwao?" Swali hilo lina hatari kuliko zimwi, kwa hiyo liandae mapema na uamue nani atalijibu.

Tukio lenyewe la kuagana liwe fupi na lishughulike na kazi ya mikono. Mwandike mjomba akiwa amekaa uwanjani anatenganisha korosho na mabibo, vidole vikinata kwa utomvu, harufu tamu iliyoanza kuchacha ikiwavuta nyuki, huku dada yake akichuchumaa na kuanza kumsaidia bila kuambiwa. Wanaweza kusemezana hivi:

"Kaka, huyu mtoto asioge mtoni."

"Huku mto uko wapi, Somoe?"

"Ndiyo maana nimemleta."

Inatosha. Mjomba aendelee kutenganisha korosho kwa muda kabla ya kuuliza chochote, na mtoto awe karibu kiasi cha kusikia nusu ya maneno, kwa sababu nusu hiyo ndiyo atakayoishi nayo. Usimpe mama hotuba ya kueleza unabii. Mtu aliye hatarini hueleza mambo ya kila siku: mtoto hali nini, huamka saa ngapi, akiota ndoto mbaya afanyiwe nini.

Kisha mwache mlezi aigundue ajabu kwa njia ya nyumbani. Mke wa mjomba anaamka alfajiri na kukuta mkeka wa Hamisi umelowa. Anamkaripia kwa kukojoa akiwa mkubwa, anautoa mkeka juani, na siku ya pili anauinua tena na kuona kwamba udongo chini yake umelainika kama wa kisimani na maji yake hayana harufu yoyote. Mwanamke huyu ametembea na ndoo kichwani tangu utotoni. Hapo ndipo hadithi yako inapopata meno, maana mahali palipokuwa salama kwa sababu ya ukame ndipo hapohapo ambapo kipaji cha mtoto kina thamani kuliko popote, na watu wema wanaomlea wana sababu nzuri sana ya kutotaka aondoke. Kishawishi hiki kinazidi kwa mbali wale walezi wakatili wa mazoea wanaomlaza shujaa jikoni na kumnyima chakula. Ndugu wengi humlea mtoto wa dada kwa moyo, tena kwa gharama: sare za shule, daftari, kiloba cha unga kinachoisha mapema kuliko zamani. Onyesha gharama hizo mara moja, kwa ufupi, kisha endelea.

Suala la jina lina suluhisho zuri ambalo watunzi wengi hawalitumii. Katika jamii hizi, mvulana anayetoka jandoni hupewa jina jipya, na la utotoni huachwa. Adui anayetafuta kwa jina atapotezwa na desturi iliyokuwepo kabla yake, pasipo uchawi wowote. Gharama yake ni kwamba siku ya watoto kutoka, pakiwa na ngoma na vigelegele, mama asiyekuwepo ataonekana kwa kutokuwepo kwake. Utatamani kumleta Somoe kwa siri akiwa amevaa kinyago cha mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Usifanye hivyo kirahisi, kwa kuwa kwa desturi mapiko yalichezwa na wanaume na siri ya aliye ndani ya kinyago ilifichwa kwa wanawake. Msomaji wa Kusini atakifunga kitabu. Adui ndiye anayeweza kuingia hivyo, akimchungulia mtoto kupitia mdomo wa kinyago.

Mama naye apewe kazi baada ya kuondoka. Katika kisa cha Musa, mama aliyemtia mtoto mtoni hakukaa kungoja; alimtuma dada yake mtoto afuatilie kwa mbali, na hatimaye akaajiriwa kumnyonyesha mwanawe mwenyewe. Somoe anaweza kuvuka Ruvuma kwa mtumbwi kwenda kwa ndugu wa Msumbiji, njia ambayo wakimbizi wengi waliipita kinyume chake wakati wa vita vya ukombozi vya 1964 hadi 1974. Anaweza pia kwenda kaskazini; na ukiiweka hadithi kabla ya kufunguliwa kwa Daraja la Mkapa mwaka 2003, masika yenyewe yanakupa sababu ya yeye kutorudi, kwani barabara ilikatika na kivuko cha Rufiji hakikutegemewa. Akiwa bado hai na anashughulika, kila ukimya wake unakuwa na maana.

Mwisho, andika mapema ukurasa wa kurudi kwake, hata kama utautumia baada ya sura ishirini. Somoe anafika, Hamisi ana jina jingine, kisima kiko katikati ya kijiji, na watu wamepanga ndoo. Kwa desturi, neno la kumruhusu mtoto aondoke liko kwa mjomba. Amua sasa kama atalisema, kwa sababu uamuzi huo utakuonyesha namna ya kumwandika siku ile anapotenganisha korosho na mabibo bila kumtazama dada yake usoni.