Jinsi ya kupima kijisehemu kimya kinavyobadilisha chaneli ya potasiamu

Mwanafunzi wa uzamili wa Kisumu au Maseno anayetaka kupima kijisehemu kimya, yaani protini inayoungana na nyingine kujenga chaneli ya potasiamu (tundu la utando wa seli linalopitisha potasiamu) lakini isiyoweza kuijenga peke yake, ni lazima kwanza ahakikishe kwamba kijisehemu hicho, kikiwa peke yake ndani ya seli, hakitoi mkondo wowote. Vijisehemu vya familia za Kv5, Kv6, Kv8 na Kv9 (Kv ni jina la chaneli za potasiamu zinazofunguliwa na volteji) haviwezi kujenga chaneli vyenyewe. Hubaki ndani ya seli mpaka viungane na Kv2.1 au Kv2.2 kuunda chaneli ya vijisehemu vinne, ndipo vifike kwenye utando.

Andaa basi makundi matatu ya seli: moja lenye Kv2.1 pekee, la pili lenye kijisehemu kimya pekee, na la tatu lenye vyote viwili, huku kiasi cha RNA ya Kv2.1 (maelekezo ambayo seli hutumia kutengeneza protini hiyo) kikibaki kile kile. Mayai machanga ya chura wa jenasi Xenopus yanafaa sana. RNA igawe katika mirija midogo, ili usiyeyushe akiba yote kila unapohitaji kidogo.

Mkondo ukipungua katika kundi la tatu, usikimbilie kusema kwamba chaneli ni chache. Kv6.4, kwa mfano, husogeza volteji ya kuzimika kwa Kv2.1 (yaani volteji ambayo chaneli huacha kupitisha mkondo) kwa takriban milivolti 40 kuelekea upande hasi, hivyo ukiishikilia seli kwenye milivolti −80, baadhi ya chaneli mchanganyiko zitakuwa zimekwisha kuzimika kabla hujapima chochote. Ishikilie kwenye −120, kisha urudie kipimo. Kwa maoni yangu hatua hii ndiyo inayotenganisha jaribio zuri na jaribio la kubahatisha.

Ili kuchora mkunjo wa kuzimika, tanguliza volteji mbalimbali, kuanzia −130 hadi 0, kila moja kwa sekunde 5 au zaidi kwa sababu Kv2.1 huzimika polepole, halafu pima mkondo unaobaki kwenye +60. Mkunjo wa kundi la tatu mara nyingi huwa na ngazi mbili, kwani chaneli za Kv2.1 tupu huendelea kuwepo pamoja na zile mchanganyiko. Tumia jumla ya milinganyo miwili ya Boltzmann (mlinganyo wa mkunjo wenye umbo la S), wala usilazimishe mmoja.

Kwa Kv9.3 pima pia mkondo wa mkia, yaani ule unaofifia chaneli zinapofunga, baada ya kurudisha volteji chini, maana kijisehemu hicho huchelewesha kufunga kwa chaneli.