Kuhamia Kazi za Wavuti: Usiutupe Ujuzi wa Zamani
Anayebadili taaluma ili awe mtengenezaji wa tovuti asikimbilie kulipia kozi ndefu kabla ya kujaribu misingi, kwa kuwa HTML, CSS na JavaScript, yaani lugha za kutengenezea tovuti, hufundishwa bure na kwa kina kwenye tovuti za mafunzo za MDN na freeCodeCamp. Akishaielewa misingi hiyo, atengeneze tovuti moja kamili inayotatua tatizo analolijua vyema kutokana na kazi yake ya awali: muuguzi, kwa mfano, anaweza kuunda mfumo wa kupanga zamu, akizingatia mambo ambayo mtu asiyewahi kukesha wodini hangeyafikiria. Kwa maoni yangu, kazi ya namna hiyo ina uzito kuliko cheti cha tatu au cha nne. Msimbo wake, yaani maagizo anayoyaandika kwa lugha hizo, autunze tangu mwanzo kwa Git, programu inayohifadhi historia ya mabadiliko ya msimbo, kwani timu nyingi huitumia kila siku.