Gari Linapoteza Maji: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Spea

Uvujaji wa maji ya injini hutafutwa gari likiwa limepoa, limeegeshwa mahali pakavu, na wewe huna haraka. Nairobi mara nyingi huwa kinyume: mshale wa joto unapanda kwenye foleni ya Mombasa Road, boneti inafunguliwa kando ya barabara, jerikeni linaletwa, na jioni ile mwenye gari ananunua rejeta mpya kwa kubahatisha. Wiki moja baadaye gari linachemka tena, kwa sababu kilichokuwa kinavuja ni kifuniko cha rejeta.

Kabla ya yote, hakikisha kinachodondoka ni kulanti, yaani maji yenyewe ya kupoza injini. Maji maangavu yasiyo na harufu chini ya upande wa abiria, ulipokuwa umewasha AC, ni unyevu wa hewa uliogeuka maji, hayana neno. Kulanti ina rangi (waridi, nyekundu, kijani au buluu), ina harufu tamutamu, huteleza kidogo vidoleni na ikikauka huacha ukoko. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki nayo ni mekundu na huwachanganya wengi. Dondosha tone kwenye gilasi ya maji: mafuta yataelea, kulanti itayeyuka na kupotea. Usionje. Kulanti nyingi zimetengenezwa kwa ethilini glaikoli, ambayo ni sumu, na utamu wake huwavuta mbwa, paka na watoto. Kwa hiyo tafuta karai na jerikeni lenye kifuniko kabla hujafungua chochote, na usiimwage kwenye mtaro wa ploti.

Jioni, injini ikiwa imepoa, jaza chupa ya akiba hadi alama ya FULL na ubandike kipande cha selotepu usawa wa maji. Tandaza kadibodi kubwa chini ya injini, uichore mshale wa kuonyesha mbele ya gari ni wapi. Asubuhi kadibodi hiyo itakueleza mengi. Doa la mbele kabisa ni la rejeta au paipu zake. Kwenye Toyota nyingi ndogo za injini ya kukingama, kama Vitz na Probox, doa la upande wa dereva, chini ya mikanda, huelekeza kwenye pampu ya maji. Doa la nyuma, karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria, ni la paipu za hita. Kadibodi ikiwa kavu ilhali maji yameshuka, gusa zulia la miguuni kwa abiria: likiwa na unyevu wa kunata, na kioo cha mbele kikijaa ukungu wenye harufu tamu, rejeta ndogo ya hita ndiyo inayovuja.

Kifuniko cha rejeta ni kitu cha bei ndogo, nacho katika mji huu kina uzito kuliko watu wanavyodhani. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, si 100 kama Mombasa. Injini nayo hufanya kazi kwenye nyuzi 85 hadi 100. Kinachozuia maji yasichemke ni presha ambayo kifuniko kinaishikilia, kwa kawaida bar 0.9 au 1.1 kama ilivyoandikwa juu yake. Springi ikichoka au mpira ukipasuka, maji matupu yanaweza kuanza kutokota kabla hata feni haijawaka. Ukipanda kuelekea Limuru, kupita mita 2,000, hali inakuwa mbaya zaidi. Kagua mpira kwa kucha: ukiwa mgumu au una mfereji, nunua kingine chenye namba ileile. Usipandishe namba ukidhani unaongeza usalama, maana presha ya ziada itatafuta paipu iliyo dhaifu zaidi. Dalili nyingine ya kifuniko kibovu ni chupa ya akiba kujaa huku rejeta yenyewe imepungua, au paipu ya juu kunywea injini inapopoa. Hapo vali ndogo ya katikati haivuti maji kurudi.

Kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Subiri mpaka uweze kuishika paipu ya juu kwa kiganja bila kuiachia, jambo linaloweza kuchukua saa nzima. Kisha funika kwa kitambaa kinene, zungusha robo, ngoja mlio wa mvuke uishe, ndipo ukandamize na kumaliza kuzungusha.

Kabla ya kumkabidhi fundi gari, muulize kama ana pampu ya kupimia presha ya rejeta. Hufungwa mahali pa kifuniko na kujazwa hewa kwa mkono hadi presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, isizidi. Mshale ukitulia dakika 10 hadi 15, mfumo hauvuji nje. Ukishuka, pitisha tochi kwenye viungo vyote, hasa mahali ambapo paipu ya mpira inavaa shingo ya plastiki ya rejeta. Plastiki hiyo ikizeeka hugeuka kahawia na kuwa kama biskuti. Ukilazimisha paipu itoke kwa bisibisi, shingo inakatika na kazi ya dakika 20 inakuwa ya kununua rejeta. Paipu iliyong'ang'ania ikatwe kwa kisu kwa urefu. Yenyewe inabadilishwa hata hivyo. Paipu nyingine ziminye zikiwa baridi: inayotoa mlio wa kukwaruza ndani, iliyovimba karibu na klipu au iliyolainika kwa mafuta, muda wake umekwisha hata kama bado haivuji.

Pampu ya maji ina kitundu kidogo chini ya ekseli yake. Sili ya ndani ikiisha, maji hutokea hapo kwa makusudi ili yasiingie kwenye beringi. Ukiona michirizi ya waridi iliyokauka chini ya kitundu hicho, usikizibe kwa gundi. Badilisha pampu, na mkanda wake ukiwa umelowa kulanti ubadilishe pia.

Sasa swali ambalo kila mtu analikwepa: je, ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na hedi iliyo juu yake? Ishara zake ni mapovu yasiyokoma kwenye rejeta injini ikinguruma, moshi mweupe wenye harufu tamu hata baada ya injini kupata moto, paipu ya juu kuwa ngumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha, na oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Hii ya mwisho iangalie kwenye kijiti cha kupimia. Utando mwembamba chini ya kifuniko cha oili peke yake unaweza kuwa unyevu wa safari fupi za mjini. Kabla ya kukubali hedi ifunguliwe, dai kipimo cha gesi: kichupa chenye dawa ya buluu huwekwa juu ya mdomo wa rejeta, na kwa injini ya petroli dawa ikigeuka njano, gesi ya kutoka kwenye silinda imeingia kwenye maji. Hedi ikifunguliwa, ipimwe unyoofu kwa rula ya chuma na ipelekwe mashineni ikiwa imepinda. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni pesa iliyomwagwa.

Foleni nayo ni kipimo. Gari linalochemka likiwa limesimama na kupoa likipata mwendo kwenye Thika Road huenda halivuji kabisa, ila feni haiwaki. Linalochemka kwenye mlima au kwa mwendo mkubwa lina rejeta iliyoziba au maji pungufu. Na hita ikipuliza hewa baridi huku injini ina moto, maji yameshuka sana. Zima mara moja. Usiuamini mshale hapo, kwa sababu sensa iliyobaki kwenye mvuke badala ya maji inaweza kusoma joto la kawaida huku hedi inaungua.

Kuhusu themostati, vali inayofungua na kufunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta kulingana na joto, kuna imani iliyokita mizizi kwenye magaraji yetu kwamba ni kifaa cha nchi za baridi, kwa hiyo kinang'olewa na kutupwa. Si kweli. Huachia maji kuanzia takriban nyuzi 82 ili injini ipate joto lake upesi. Bila hiyo, injini hukimbia baridi, hula petroli zaidi na kuchafua oili. Kwenye injini ambazo themostati pia hufunga njia ya mkato ya maji, kuing'oa huacha sehemu ya maji izunguke bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemka kuliko mwanzo. Kama imekwama, weka mpya, kile kivali kidogo cha hewa kikielekea juu.

Ukienda Kirinyaga Road kutafuta spea, beba kipande cha zamani mkononi pamoja na namba ya injini. Paipu mbili zinazofanana kwa macho hutofautiana milimita mbili, na milimita hizo ndizo zitakazovuja. Klipu za springi za kiwandani, kama hazijalegea, zirudishe. Hufuata mpira unapotanuka na kunywea. Nunua kulanti ya kutosha: injini za cc 1300 hadi 1500 kwa kawaida hubeba kati ya lita 4 na 6. Aina ifuate kitabu cha gari, si rangi tu, kwa sababu rangi haina kanuni moja kati ya watengenezaji, na aina zisizopatana zinaweza kuganda kama uji. Soma kopo kama imeshachanganywa. Isipokuwa hivyo, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale wanayoongezea betri. Si asidi ya betri, ambayo huuzwa kwenye vichupa vinavyofanana nayo. Maji ya chumvi ya kisima yaache kwa dharura, na ukiyatumia, mfumo uoshwe baadaye. Unga wa kuziba matundu una kazi moja, kukufikisha nyumbani, na hauchagui: huziba na rejeta ndogo ya hita.

Spana ya namba 10, koleo, tochi, glavu na karai vinatosha kwa paipu na themostati. Pampu ikifungwa, nyuso zikwanguliwe ziwe safi na silikoni ipakwe nyembamba, kwani inayofurika ndani hukatika na kwenda kuziba rejeta.

Kazi nzuri huharibikia kwenye hewa iliyobaki ndani. Egesha pua ya gari ikitazama juu, weka hita kwenye moto wa mwisho, jaza taratibu kifuniko kikiwa wazi, kisha washa bila kukanyaga mafuta huku ukiminya paipu ya juu. Themostati ikiachia, paipu hiyo inapata moto ghafla na maji yanashuka, ongeza. Feni ikiwaka na kuzima mara mbili, funga. Usiku huo tandaza kadibodi nyingine. Asubuhi fungua kabla ya kuwasha na ujaze kilichopungua. Yakishuka tena asubuhi ya pili, kadibodi ikiwa kavu na zulia halina unyevu, mrudie fundi mwenye kichupa cha buluu.