Namna ya Kuonja na Kutathmini Chai Nyumbani

Kabla ya chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Tanzania kupata mnunuzi katika mnada wa Mombasa, mnada ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia pwani mwaka 1969, waonjaji hupanga vikombe vyeupe mezani kwa safu ndefu na kupita kikombe hadi kikombe, wakivuta kijiko kimoja na kukitema. Kazi yao ni kulinganisha, na mtu anayetaka kutathmini chai nyumbani na kuwaandikia wengine maoni yake aanzie hapohapo. Kikombe kimoja kinachonywewa peke yake asubuhi, kikiwa na sukari na pembeni pana maandazi, hakimwambii mnywaji mengi zaidi ya kwamba alikuwa na hamu ya chai. Vikombe vitatu vilivyotengenezwa kwa kipimo kimoja na kuonjwa kwa pamoja humfundisha mengi hata kama hajawahi kufikiria chai ina ladha ngapi.

Chagua chai tatu au nne za jamii moja. Chai nyeusi, ya kijani, nyeupe na ulongo zote hutoka katika mmea mmoja, Camellia sinensis, na tofauti zake hutokana zaidi na namna majani yanavyoshughulikiwa baada ya kuchumwa. Kwa hiyo kuweka chai ya kijani kando ya chai nyeusi kisha kutangaza ipi bora ni kama kushindanisha wali na ugali. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, seti nzuri ya kuanzia ni chai nyeusi za nyanda za juu: moja ya Kericho au Nandi, moja ya Mufindi au Njombe, moja ya Rwanda, na ukipata, moja ya Usambara. Nyingi kati ya hizo zitakuwa zimetengenezwa kwa njia ya CTC, iliyobuniwa Assam katika miaka ya 1930, ambayo majani hupitishwa kwenye mashine zenye meno, yakapondwa, yakachanwa na kuviringishwa kuwa punje ndogo. Zinatoa rangi haraka na zina nguvu ya kubeba maziwa. Chai ya majani mazima yaliyosokotwa huiva polepole na huwa na harufu nyingi zaidi kuliko ukali, hivyo iwekee siku yake.

Ukiona kwenye pakiti herufi kama BP1, PF1, PD au D1, elewa kwamba zinaeleza ukubwa wa punje, kuanzia kubwa hadi zile laini zinazokaribia unga. Watu wengi huzichukua kama alama za ubora, na wauzaji hawana haraka ya kuwasahihisha. PF1 ya kiwanda kizuri inaweza kuishinda BP1 ya kiwanda kizembe bila shida. Jambo lenye maana kwa mwonjaji ni kwamba punje laini huiva upesi zaidi, kwa hiyo ukilinganisha BP1 na D1 kwa dakika zilezile, sehemu ya tofauti utakayoisikia imetokana na ukubwa wa punje na wala si shamba.

Maji na vipimo

Maji ndiyo yanayoharibu majaribio mengi ya nyumbani. Maji ya kisima yenye chokaa, ambayo ni ya kawaida sehemu nyingi za pwani, huifanya chai ionekane nzito na yenye ukungu, na huacha juu yake utando mwembamba unaokatika vipande ukiuvuta kwa kijiko. Maji ya bomba yenye dawa ya klorini huficha harufu. Tumia maji ya aina moja kwa vikombe vyote, yachemshe mara moja tu, na ukiweza tumia maji ya chupa yasiyo na madini mengi. Kumbuka pia kwamba mahali ulipo pana neno lake: Mombasa na Dar es Salaam maji huchemka kwa nyuzi 100, ilhali Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wake, huchemka kwa takriban nyuzi 94. Chai nyeusi inahitaji maji ya moto kadiri iwezekanavyo, kwa hiyo chai ileile inaweza kuonekana dhaifu kidogo Nairobi na kali zaidi Tanga bila mtu yeyote kukosea.

Shirika la Kimataifa la Viwango lina kanuni yake ya kutengeneza chai ya kuonja, ISO 3103, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1980. Inataka gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyotoka kuchemka, na dakika 6 za kuloweka. Ni chai kali kuliko wengi wanavyopenda kunywa, na imewekwa hivyo makusudi, kwa kuwa kasoro ambayo ingejificha katika chai nyepesi hujitokeza ndani ya ile kali. Nyumbani, gramu 3 kwa mililita 150 zinatosha kikombe kimoja. Pima kwa mizani midogo ya dijitali badala ya kijiko, kwa sababu kijiko cha punje za CTC kina uzito mkubwa kuliko kijiko cha majani mazima, ambayo huacha nafasi nyingi katikati yake. Usipokuwa na mizani, linganisha chai za punje zenye ukubwa mmoja tu, na usawazishe kijiko kwa mgongo wa kisu.

Vyombo viwe vyeupe kwa ndani, vya kauri au kioo, vya ukubwa mmoja, na visiwe na harufu ya sabuni. Loweka chai katika kikombe kilichofunikwa kwa kisosi, washa saa ya simu, na dakika 6 zikitimia chuja kwenye kikombe cha pili huku ukiyaacha majani katika kile cha kwanza, maana utayahitaji. Chai ya kijani haivumilii utaratibu huu, huwa chungu. Ipe maji ya nyuzi 75 hadi 80 na dakika 2 au 3. Asiye na kipimajoto achanganye vikombe vitatu vya maji yanayochemka na kimoja cha maji ya kawaida, naye atakuwa karibu kabisa na kiwango hicho.

Kuonja chenyewe

Siku hiyo usichome ubani wala udi, usijipake manukato, na usionje baada ya kula pilipili au kitunguu. Katika nyumba nyingi za kwetu hili la udi ndilo gumu kuliko yote, lakini moshi wake ukishaingia kwenye pazia, pua haitasikia chochote kingine kwa saa kadhaa.

Anza na majani yaliyobaki katika kikombe. Fungua kisosi na uvute harufu papo hapo, kwani huwa nyingi zaidi katika sekunde za mwanzo. Majani yenye rangi ya shaba mpya, angavu, ni dalili ya chai iliyoshughulikiwa vizuri. Yaliyofifia na kuelekea weusi wa kijani huashiria kwamba kuna kilichokwenda mrama kiwandani, aghalabu katika kuchachua majani au kuyakausha. Harufu ya moshi au ya kuungua husikika hapa kabla haijafika ulimini.

Kisha tazama chai iliyochujwa, karibu na dirisha. Rangi ya dhahabu nyekundu inayong'aa ukingoni mwa kikombe hutokana na theaflavini, kemikali za rangi zinazotokea majani yanapochachuliwa, na ndiyo ambayo wanunuzi wa chai ya kwetu huitafuta. Wekundu mzito wa hudhurungi hutokana na thearubigini, kemikali nyingine za jamii hiyo, ambazo huipa chai uzito. Usifadhaike chai ya rangi ikipoa na kuwa na ukungu kama iliyotiwa tone la maziwa. Ni kafeini na polifenoli, yaani kemikali za majani zinazoleta ukakasi, zinazoshikana joto linaposhuka, na kwa kawaida hutokea katika chai yenye nguvu.

Iache ipoe hadi isiuchome ulimi. Chota kijiko cha supu, kivute kwa nguvu na kwa mlio, hewa na chai viingie pamoja. Adabu ya mezani iwekwe kando kwa muda huo, kwa sababu hewa hiyo ndiyo inayobeba harufu hadi puani kupitia nyuma ya koo, na bila yake utaonja uchungu na ukakasi peke yake. Izungushe mdomoni, iteme, halafu subiri. Jiulize mambo matatu: ukakasi unashika wapi na unaachia baada ya muda gani, chai ina uzito mdomoni au inapita kama maji, na baada ya kutema, ladha gani inabaki? Ukakasi na uchungu ni vitu viwili. Ukakasi ni ule unaokausha mdomo kama ndizi mbichi, nao katika chai nyeusi nzuri huwa wa haraka na wenye kuchangamsha. Uchungu ni ladha inayobaki ulimini, na mara nyingi hulalamikiwa kwa haki. Kati ya kikombe na kikombe kunywa maji ya kawaida na utafune kipande cha mkate usio na siagi.

Baada ya hapo pitisha chai zote katika maziwa. Kuna wapenzi wa chai wanaoona kwamba maziwa ni dharau kwa majani mazuri, na kwa chai nyeupe au ya kijani nakubaliana nao. Lakini chai za CTC za Kericho na Mufindi hutengenezwa zikijua zinakokwenda, na kuzihukumu kwa chai ya rangi peke yake ni kuzionea. Kwa kila chai chemsha mililita 150 za maji na gramu 6 za majani kwa dakika 3, ongeza mililita 150 za maziwa ya pakiti moja, iache ipande mara moja, kisha uchuje. Protini za maziwa hushikana na tanini na kupunguza ukakasi, hivyo chai iliyokuwa na ukali tu itadhoofika na kubaki haina jambo la kusema, ilhali yenye uzito itaendelea kusikika. Rangi nayo hutoa ushahidi: chai angavu hugeuka kuwa ya machungwa au ya matofali, na iliyofifia huwa na ukijivu. Onja kwanza bila sukari. Iliki, tangawizi na mdalasini viachwe kabisa siku hii, kwa kuwa kazi yao jikoni ni pamoja na kuficha chai mbaya.

Chai ya zambarau, itokanayo na aina ya mmea wa chai iitwayo TRFK 306 iliyotolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 2011, ionjwe peke yake, kwa maji yasiyochemka sana na bila maziwa. Tone la ndimu litaibadilisha rangi ielekee uwaridi, kwa sababu ya antosiyanini, yaani rangi asilia za mmea, zilizomo. Inapendeza macho, ingawa ladha yake ni ya upole kuliko sifa zinazoandikwa kwenye pakiti.

Kabla ya kuandika

Jina na bei huonjwa pamoja na chai, hata kwa mtu mwaminifu. Mwombe mtu wa nyumbani aandike namba chini ya vikombe na kukaa na orodha yake hadi umalize. Ukidhani umepata tofauti kati ya chai mbili, mwombe akuandalie vikombe vitatu, viwili vya chai moja na kimoja cha nyingine, ukitafute kilicho tofauti. Kwa kubahatisha tu utapatia mara moja katika tatu, kwa hiyo rudia mara kadhaa. Ukishindwa kukitambua, usiandike aya mbili kuhusu ubora wa moja juu ya nyingine.

Maelezo yako yataje kipimo, maji, muda, mahali ilipotoka, tarehe iliyo kwenye pakiti, na kama chai uliinunua au ulipewa na muuzaji. Hesabu pia gharama ya kikombe: pakiti ya gramu 250 kwa gramu 3 hutoa vikombe 83, na mara nyingi chai iliyoonekana ghali dukani huizidi ile ya bei nafuu kwa kiasi kidogo tu ikifika kikombeni. Alama kati ya 1 na 5 zisaidie maneno, zisichukue nafasi yake. “Chai nzuri sana” haimsaidii mtu, yafuatayo yanamsaidia: “Namba 2. Rangi ya shaba inayong'aa. Harufu ya majani mabichi, na kwa mbali ganda la ndimu. Ukakasi unashika pembeni mwa ulimi na kuachia upesi. Uzito wa wastani. Katika maziwa rangi ni ya machungwa, lakini ladha inafifia. Wanaokunywa maziwa mengi waongeze majani.”

Kinachobaki kwenye pakiti kihamishie kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, mbali na jiko, iliki na sabuni, kwa kuwa chai hunyonya harufu ya jirani yake. Onja tena baada ya miezi miwili, kwa kipimo kilekile, na uandike matokeo chini ya maelezo ya awali pamoja na tarehe.